Asistanti Aliyesikiliza Kinu

Katika avenue yetu, mtaa ulio upande wa juu wa Butembo ambako asubuhi watu hutoka na makoti, aliishi mama mmoja tuliyemwita Asistanti. Jina lake la ubatizo nalijua, na la ukoo pia, lakini hakuna aliyeyatumia, nami sitayatumia hapa. Chuo kikuu alikuwa assistante, yaani mwalimu ambaye hajapata udaktari wa masomo, na alikaa katika cheo hicho muda mrefu mno hata kikageuka jina. Waliohamia kwetu baadaye walidhani ni msaidizi wa daktari wa hospitali. Walimletea watoto wenye homa. Hakuwafukuza. Alimpa mama maji ya kunywa, kisha akawasindikiza mpaka kituo cha afya. Njiani, mtoto akilia, Asistanti aliinamisha kichwa na kukisikiliza kilio chenyewe kwa hamu ambayo mama wa mtoto hakuielewa kabisa.

Kazi yake ilikuwa hiyo: kusikiliza. Alichunguza jinsi binadamu anavyousikia muziki, na kile anachofanya mpigaji au mwimbaji hata msikilizaji akaguswa moyo. Nota hazikumshughulisha sana, kwa sababu nota zimeandikwa na kila mtu anaziona. Alitaka yale yasiyoandikwa. Mwimbaji anachelewa wapi kidogo? Mkono unakandamiza wapi, na kulegea wapi? Na sisi tulioketi tu, tunajuaje kwamba sasa ni furaha, sasa ni majonzi, sasa wimbo unakaribia kwisha? Katika maswali hayo yote alilichagua la mwisho, na badala ya kwenda kulitafuta kanisani kwenye kinanda, akaja kulitafuta kwenye kinu cha sombe, majani ya muhogo, uani kwangu.

Nilicheka aliponiambia. Mimi nafundisha shule ya msingi, mchana nauza karanga kidogo mlangoni, na sombe nimetwanga tangu mikono yangu iweze kushika mchi. Sijawahi kuiita muziki. Lakini yeye alinikalisha akanieleza. Wanawake watatu wako kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wanapishana haraka na hakuna mchi unaogonga mwingine. Hakuna anayeongoza. Wanaongea mambo yao, wanasema watu, wanacheka. Kisha ghafla wote wanaacha.

"Nani alisema basi?" aliniuliza.

Nilikasirika kidogo, maana hakuna mtu anayependa kuulizwa jambo la jikoni kwake akakosa la kusema.

Swali hilo ndilo lilikuwa thèse yake, tasnifu ya kumpatia udaktari. Na thèse hiyo haikuisha. Tulimtania wazi: mtu anachunguza mambo yanavyoisha, na la kwake linamshinda! Alicheka pamoja nasi, lakini hatukuwa na sababu ya kucheka sana. Chuo kilikuwa kimeshawaonya maassistant wa siku nyingi kwamba atakayeshindwa kumaliza ataondolewa. Hakuwa na biashara, hakuwa na shamba, na kazi nyingine hakuitaka. Angeondolewa, kompyuta na mikrofoni za chuo zingerudi chuo, na kusikiliza kwake kungeishia hapo.

Kutembea naye ilikuwa adhabu. Sokoni ni karibu, lakini ukienda na Asistanti ulifika wakati wauzaji wa nyanya wanafunga. Alisimama popote penye mlio. Kando ya barabara kuna watu wanaovunja mawe kuwa kokoto, na yeye aliweza kusimama pale kama mtu aliyeombwa kuwalinda.

"Mwalimu, sikia kwanza. Ule wa kushoto anangojaka mwenzake. Kidogo tu. Unasikia?"

"Miye nasikia soko inafunga."

"Kidogo tu, Mwalimu. Tusikilize tena."

Hilo "tusikilize tena" lilikuwa neno lake la kila siku. Alilisema kwa wanafunzi wake, kwa wanakwaya, hata kwa fundi wa paa aliyemwambia bati limetoboka. Fundi alipanda, akagonga, akashuka, na Asistanti akamwomba agonge tena kwa sababu alipenda alivyopunguza nguvu kwenye pigo la mwisho.

Na pamoja na masikio yote hayo, kupiga makofi kulimshinda. Nasema ukweli mtupu. Kanisani, sisi wote tukipiga makofi kwenye wimbo wa sadaka, yeye alipiga nyuma yetu au mbele yetu, kwa furaha kubwa, akiangalia juu. Alijaribu kujiunga na kwaya. Kiongozi wa kwaya ni mtu mpole, hakutaka kumuumiza. Akamwambia, "Maman, ukae kule karibu ya mulango, kunakuwaka hewa muzuri." Asistanti akakaa kule na kumshukuru. Baadaye aliniambia kwamba alielewa vizuri sana maana ya ile hewa, na kwamba mtu anaweza kujua chakula kitamu bila kujua kupika.

Kinanda kipya cha parokia, chenye ngoma yake ndani inayojipiga yenyewe, alikichukia. Alisema ngoma ile haimngoji mtu. Lakini simu yake mwenyewe ilikuwa na mlio ule uliotoka nao dukani, tii-tii-tii, na hakuwahi kuubadilisha. Alikasirikia pigo lililochelewa kidogo kama ukope wa jicho, na yeye mwenyewe alichelewa ubatizo, harusi na mikutano yote ya wazazi. Ukimwambia, alianza na lakini yake ya Kifaransa, "Mais nilifika, hapana?" Wanafunzi wake walimwogopa, kwa kuwa kazi iliyoandikwa ovyo aliirudisha mbele ya wote. Wamama wa uani kwangu waliweza kumharibia asubuhi nzima ya kazi, naye akawashukuru na kuwapikia chai.

Na kweli tulimharibia. Siku ya kwanza alikuja Jumamosi asubuhi na mikrofoni yake, akaifunga pembeni ya kinu. Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu Masika, na jirani yetu Mama Kahindo ambaye ni mzee kuliko sisi na ana ulimi mkali. Asistanti akasema majani ya sombe yataziba sauti, kwa hiyo tutwange kinu kitupu. Tukatazamana. Kutwanga kitupu ni upuuzi, lakini yeye ni mtu wa chuo na ni mgeni wetu, na sisi hapa mgeni hatumwambii kwamba mboga yake haina chumvi. Akasema, "Mutwange tu kama siku zote. Mutaacha wakati mutasikia mwisho." Akavaa vile vya masikioni, akafumba macho.

Tukaanza. Tulitwanga. Kinu kililia ko-ko-ko kama mlango wa mtu anayedaiwa. Nikasema moyoni, mashine ni yake, atatuambia basi. Masika naye alisema hivyo moyoni, na Mama Kahindo pia. Tuliendelea. Jua likatoka nyuma ya jiko likaja juu yetu. Masika alinitupia jicho, nikamrudishia jicho, hakuna aliyethubutu. Mama Kahindo alianza kusogeza midomo, nikajua anasali. Asistanti alisimama palepale, macho yamefumbwa, uso umetulia. Nilidhani anafurahi. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto na bado nilikuwa namwonea haya kumkatiza.

Kilichotuokoa ni mvua. Ilishuka bila kutuonya, kama inavyofanya Butembo, na Asistanti akafumbua macho na kuirukia mashine yake kuifunika na kitenge. Hapo ndipo tulipoacha. Tukakimbilia barazani tukihema.

"Mais juu ya nini hamukuacha?" akatuuliza. Alikuwa karibu kulia.

"Tulikuwa tunakungojea weye, maman," Mama Kahindo akamjibu. "Mashini si ni yako?"

"Na miye nilikuwa nangojea ninyi!"

Masika akaanza kucheka, nasi tukafuata, tukacheka hata watoto wakaja kuchungulia. Ila Mama Kahindo alipofungua viganja, vilikuwa vimetoka malengelenge. Asistanti akavishika vile viganja akavitazama, na machozi yakamtoka mbele yetu sote. Alivipaka mafuta mwenyewe. Wiki ile yote alikwenda kumchotea Mama Kahindo maji, akirudi amelowa, maana kubeba kidumu nako hakukuweza.

Tangu siku hiyo alituletea sombe ya kweli, majani mabichi, na mwenye zamu alichukua yote kwenda kupika kwake. Hapo ndipo kazi ilipoanza kusema. Siku moja aliniita nione kwenye kompyuta. Kila pigo lilikuwa kilima, vilima vingi vimepangana. Akakuza picha, akaniwekea kidole.

"Tazama huyu. Mbele ya mwisho, mapigo yake yanapunguka. Na kati ya pigo na pigo, nafasi inapanuka."

"Huyu ni nani?"

"Ni Masika."

"Siku ile sombe ilikuwa ya Masika," nikasema.

"Eee! Na siku ya Mama Kahindo, ni Mama Kahindo. Na siku yako, ni weye."

Nilishtuka. Mwenye chungu ndiye anayesikia kwamba majani yamelainika, kwa sababu ni yeye atakayelaumiwa mezani. Hasemi kitu. Mkono wake unalegea kidogo tu, naye hajui kwamba umelegea, na wenzake wanasikia, nao hawajui kwamba wamesikia, na wote wanafika mwisho pamoja. Asistanti alikuwa anaruka kwenye kiti. Alisema hata wapiga ngoma wakubwa na waimbaji wakubwa wanafanya hivyo, wanatuandaa bila kutuambia. Nilirudi nyumbani nikatwanga sombe ya jioni nikijisikiliza, na nikaharibu kabisa, michi ikagongana.

Ilibaki kujua kama msikilizaji ambaye hatwangi anaweza kusikia jambo hilo. Akakusanya wamama katika ukumbi wa parokia. Alitaka kuwachezea sauti ya kinu, kisha kila mtu ainue kidole akihisi mwisho unakaribia. Kwanza ilimshinda: mmoja akiinua kidole, wote wanainua, ndiyo adabu. Basi akawaomba wafumbe macho. Ukumbi mzima ukafumba macho, ukafanya ishara ya msalaba, ukainamisha vichwa. Sauti ikacheza mpaka ikaisha bila kidole hata kimoja, na wote wakajibu, "Amina."

Asistanti alikaa chini. Mimi nilicheka hata nikatoka nje. Lakini aliporudia na kueleza vizuri, vidole viliinuka, kimoja hapa kimoja pale, na vingi viliinuka kabla michi haijaacha. Waliusikia mwisho ungali njiani. Kisha akawachezea sauti nyingine ambayo alikuwa ameinyoosha kwenye kompyuta, mapigo yote yamelingana, hakuna kubwa wala dogo, hakuna kuchelewa. Vidole vikapotea. Vingine viliinuka mapema, vingine havikuinuka kabisa. Alipowauliza wameionaje sauti ile, wote wakasema, "Ni muzuri sana, maman," isipokuwa Mama Kahindo.

"Hawa banatwangia nani?" akauliza.

"Unasema nini, mama?"

"Nasema hawa bantu ba mu mashini. Hakuna mutu anangojea chakula kwabo."

Nadhani Asistanti hakulala vizuri kwa furaha. Wiki nzima alimwambia kila aliyekutana naye maneno ya Mama Kahindo, hata muuza mkaa.

Mambo yangeweza kuishia hapo, na chuo kingefurahi. Lakini alikuwa ameanza kwenda Beni. Huko, katika commune ya Bungulu, sehemu moja ya mji, familia moja ilikuwa imewapokea katika parcelle yao, yaani kiwanja chao, wamama waliokimbia vita upande wa Mabalako. Walitoka vijiji mbalimbali, hawakujuana, na sasa walipika chungu kimoja kikubwa cha watoto wa wote. Asistanti alipelekwa na dereva mmoja Mwislamu wa Beni anayesafirisha mizigo ya kutoka Kasindi. Mtu huyo alizima redio kwa ajili yake safari nzima, na kila asubuhi ya safari alimpigia simu. Alisema "Leo barabara iko sawa," au alisema "Leo hapana," na Asistanti hakubishana naye.

Aliporudi mara ya kwanza kutoka Bungulu hakuja kwangu. Nilimfuata. Akanipa vile vya masikioni nisikilize. Michi iligongana. Ilisimama, ikaanza, ikagongana tena. Na mwisho haukuwepo: mmoja aliacha, mwingine aliendelea, wa tatu akapiga pigo moja peke yake. Nilivua vitu vile haraka. Ilikuwa sauti ya kutwanga tu, lakini moyo uliniuma kuisikiliza.

"Mama mumoja aliniambia, kwetu nilikuwa najua, hapa hapana kujua," Asistanti akasema.

"Batazoea."

"Chungu ni ya nani, Mwalimu? Pale hakuna mwenye chungu. Nani atalegeza mukono?"

Alirudi tena, na tena, kila dereva aliposema barabara iko sawa. Na hapo ndipo thèse ilipokwama. Sura zote zilikuwa tayari, isipokuwa ya mwisho. Alisema hawezi kuandika juu ya mwisho na wale wamama hawana mwisho wa kwao. Angengoja mpaka siku wamama wa Bungulu watakapoacha pamoja, arekodi, ndipo amalize. Nilimheshimu kwa hilo. Kisha chuo kikasema: asiyeweka thèse yake ofisini kabla ya mwaka mpya wa masomo, asirudi. Na wakati huohuo njia ya Beni ikaharibika, watu wakauawa barabarani, na dereva akawa anasema "hapana" kila asubuhi. Siku ya mwisho ya chuo ilikuwa inakaribia, na Asistanti amekaa ndani akisubiri simu.

Siku moja mchana nilimpelekea bugali na maharage. Nilimkuta mezani, masikio yamefunikwa, akisikiliza zile za Bungulu. Nikaweka sahani mbele yake. Hakuigusa.

"Asistanti, utaweka lini?"

"Hapana bado. Dereva anaweza kuita kesho."

"Na kama hapana kuita?"

"Nitangoja."

Hapo hasira ikanipanda. Mimi si mtu wa kupandisha sauti katika nyumba ya mwingine, lakini niliipandisha. Nikamwambia, "Bale bamama habakungojee weye! Banatwanga kila siku, batoto banakula kila siku. Ni weye tu unasimama na mashini mu masikio! Chuo wakikufukuza, nani atarudi kubasikiliza? Miye? Masika? Andika vile iko. Andika, hapa hapana kujua. Weka!"

Akasimama. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Weye unafundishaka batoto ba primaire," akasema. "Unajua nini ya thèse?"

Iliniuma sana. Niliiacha sahani mezani nikatoka, na nililia njiani, nikijifanya vumbi limeniingia machoni. Sikujuta hata neno moja. Nilikuwa nimeogopa kumpoteza, kwa sababu mtu asiye na kazi hapa huondoka, anakwenda kwa ndugu Goma au Kampala, na mlango wake unapakwa rangi nyingine.

Hatukusalimiana. Jumapili alikaa kule kwenye hewa yake nzuri, mimi nikakaa na sauti ya pili ya kwaya, na wakati wa kupeana mikono ya amani hatukufikiana. Masika alijaribu kutupatanisha, nikamwambia aende akapike. Nilihesabu siku zilizobaki kwenye kalenda ya ukutani, na kila nilipopita mbele ya nyumba yake niliangalia kama mzigo umefungwa.

Kisha akaja. Nilikuwa nachambua karanga. Alikuwa ameshika sahani yangu, imeoshwa, na juu yake kuna mayai yamefunikwa na kitambaa. Ndivyo tunavyorudisha chombo, hakirudi kitupu.

"Wasingya," akasema. Ni asante ya Kinande, na alikuwa hazungumzi Kinande nami, alizoea Kiswahili.

"Ya nini?"

"Niliweka. Jana. Muhuri walipiga."

Nilimkumbatia na mayai mawili yakavunjika. Mama Kahindo akasikia kelele zangu kutoka ng'ambo ya ua akadhani kuna kifo, akaja anakimbia. Tulipomweleza, alipiga vigelegele hivyohivyo bila kupumzika.

Siku ya kuitetea, avenue nzima ilikwenda na vitenge vya aina moja. Hatukuelewa sana, ilikuwa Kifaransa cha juu. Lakini niliielewa sehemu moja. Mzee mmoja wa jury, wale watahini wake, alimwuliza kwa nini sura ya mwisho inaishia na swali. Asistanti akasema ni kwa sababu hajui, na kwamba amepanga kurudi Bungulu kusikiliza. Mzee akatikisa kichwa, akaandika. Walitoka, wakarudi, wakamtangaza daktari. Masika alilia kuliko sote. Na kesho yake asubuhi, watu wote wa avenue wakamsalimu, "Habari, Asistanti," naye akaitika.

Nilimwona mara ya mwisho hivi karibuni, si Butembo. Mdogo wangu ameolewa Beni, na njia ilipotulia nilikwenda kumsalimu mtoto wake mchanga. Chuo kimemhamishia Asistanti kazi ya huko kwa muda, alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa hiyo siku ya pili nilichukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka Bungulu. Joto la Beni lilikuwa limenichosha nikavua sweta niliyotoka nayo kwetu.

Nilimkuta katika parcelle ileile niliyoisikia tu kwa masikio. Wanafunzi wake walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya kivuli cha ukuta, na wamama watatu walikuwa wanatwanga. Nilisimama langoni. Walikuwa wanazungumza na kucheka kitu, sikukisikia. Mmoja wao, mwembamba, mwenye kilemba cha njano, mkono wake ukawa mwepesi. Nilihisi kabla sijajua. Na wakaacha, wote watatu, na yule mwembamba akapangusa paji la uso.

Asistanti aliniona. Alikuja mbio, akanishika mikono yote miwili.

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Chungu ni ya huyu?"

"Hapana! Leo chungu si ya mutu. Na jana ni mwingine alilegeza. Hapana kujua, Mwalimu! Hapana kujua kabisa!" Aliisema kwa furaha kama mtu aliyeongezewa mshahara. Amezeeka kidogo, amenenepa, na meno yake ya mbele yalionekana yote.

Akanivuta mbele ya wanafunzi. Nikaona haya, nilikuwa na vumbi la moto mwilini. Walisimama kunisalimu, maana walidhani ni profesa kutoka mbali. Kijana mmoja mwenye miwani akauliza kwa heshima kama mimi pia nafanya utafiti wa muziki.

"Huyu anafundisha primaire Butembo," Asistanti akasema, na safari hii neno lile lilinifurahisha. "Ni yeye alinikasirikia. Bila yeye mungekuwa hapa na nani? Mbele ya kuanza kazi yenu, kila mutu atafute jirani wa kumukasirikia. Muandike."

Wakaandika, wote, vichwa vimeinama. Binti mmoja wa nyuma akainua mkono akauliza jambo hilo liwekwe wapi kwenye kazi, kule mwanzoni kwa kushukuru watu, ama wapi.

"Hapana kushukuru," Asistanti akamjibu. "Weka pale unaelezaka namna ulifanya kazi, kwenye méthodologie."